Mlinda Mlango wa Ruhanya

Mteja asiyepiga picha mimi ananitia wasiwasi. Kazi yangu ni kutembeza watu, na mtu anayetembezwa hupiga picha: atampiga ng'ombe, atapiga mgomba, atanipiga mimi nimesimama na fimbo yangu kama mjukuu wa mfalme, ilhali babu yangu alikuja huku kutoka Pangani na marobota ya kaniki akafungua duka Nkwenda. Lakini huyu mama, tangu nimpakie kwenye Noah yangu saa moja asubuhi pale sokoni, simu yake ilikaa ndani ya mkoba, mkoba ukakaa mapajani, na mikono miwili juu yake.

Alikuwa amenipigia siku tatu kabla. "Wewe ndiye Muzamil wa magofu?"

"Ndiye mwenyewe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka safari ya siku moja. Boma la kale, halafu kile kijiji cha kilimani mnakokula chakula cha mchana. Peke yangu. Sitaki kuchanganywa na watu."

Nikamwambia hakuna shida, utatembezwa kama malkia. Akasema hahitaji umalkia, anahitaji kufika. Nilipomuuliza jina, akajibu kwa neno moja tu: Mwalimu.

Sasa niseme wazi, wenyeji hawanikodi. Wateja wangu ni wazungu wanaopita kwenda Rwanda, wanafunzi wa vyuo, mara mojamoja kwaya iliyoshinda mashindano. Mama wa Kyerwa, kitenge kimepigwa pasi, viatu vya kufunga kamba, kukodi gari zima peke yake aende kutazama mahandaki na nyasi, hilo sikuwahi kuliona. Nikajiambia labda anaandika kitabu. Walimu wakistaafu huwa na mambo hayo.

Njiani nilimpigia soga mpaka mdomo ukachoka. Nikamwonyesha kahawa imeanikwa, nikamweleza habari za mvua, nikataniana na trafiki ili acheke. Yeye ni "mm" tu. Tulipopita Omurushaka ndipo akafungua kinywa.

"Wewe ni wa ukoo gani?"

"Mimi mtoto wa Nkwenda, Mwalimu."

"Sikukuuliza ulikozaliwa."

Nikacheka. "Sisi asili yetu pwani. Mambo ya ukoo hatuyashikilii sana. Ukoo wetu ni duka."

Hakucheka. Aligeuza uso dirishani akawa anatazama migomba mpaka tukaipita Chonyonyo, na mimi nikakasirika kidogo moyoni, maana utani ule huwa haukosi kumpata mtu.

Gari tuliliacha kwa mama mmoja muuza maandazi, tukatembea kama dakika ishirini. Boma lenyewe, ukienda peke yako, utaona mahandaki mawili yaliyojaa nyasi, mawe yaliyopangwa nusu duara, na mbuzi wa mtu. Katikati ya handaki la nje kuna pengo, upana wa watu watatu wakitembea sambamba. Pale ndipo palipokuwa mlango. Na pale ndipo mimi hupatia ugali wangu.

Nilisimama kwenye pengo, nikashusha sauti. "Mwalimu, Omukama aliyekaa hapa, mfalme wa zamani hizo, alikuwa na mlinda mlango aliyemwamini kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Maadui walilizunguka boma hili mwezi mzima, hawakupata pa kuingilia. Mwisho wakampelekea mlinda mlango kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kimoja tu! Na ahadi. Alfajiri, watu wamelala, akaondoa magogo ya mlango moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayevua viatu asiamshe mtoto. Wakaingia. Hakubaki mtu."

Hapo huwa nanyamaza kidogo. Mgeni yeyote lazima aulize: na yeye mlinda mlango je? Mwalimu hakuuliza, ikabidi nijiulize mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

"Yeye alipewa kilima." Nikanyoosha fimbo juu. "Kile pale. Wazao wake wapo mpaka leo. Na ndiko tunakokwenda kula."

Ngoja nikueleze ukweli wa maneno hayo, maana siku ile ndiyo niliupima mwenyewe. Boma ni la kweli. Mahandaki ni ya kweli. Kwamba lilivunjwa, hilo nimelisikia kwa watu. Mlinda mlango nilimweka mimi, kwa sababu kila mlango una mtu wa kuulinda, na rubisi nilimnywesha mimi. Mwaka wa kwanza hakuwa na mzao hata mmoja. Halafu siku moja nikaleta wanafunzi kutoka Mwanza, wanapiga miayo mpaka unaona magego, mmoja akauliza tu ili aonekane ameuliza: wazao wake wako wapi? Fimbo ikanyooka. Jamani, miayo ilikoma palepale! Walipanda kile kilima macho yamewatoka, wakaniandikia sifa kwenye mtandao, na tangu siku hiyo sikuacha. Miaka minne. Sikuona ubaya, wallahi sikuuona. Watu wa kilima kile cha Ruhanya wako juu, mimi naongea chini, nani ataumia?

"Rudia," Mwalimu akasema.

"Nirudie nini?"

"Hapo pa wazao."

Mtu akiniomba nirudie, kichwa kinanivimba. Nikarudia, na nikaongeza chumvi ambayo sikuwahi kuitia hata siku moja. Nikasema mpaka leo, Mwalimu, watu wa kilima kile hawapewi funguo za ghala. Chama cha wakulima kikitafuta mtunza stoo, kule hawapandi kuuliza.

"Umeyapata kwa nani haya?"

"Kwa wazee."

"Wazee gani?"

"Wengi wameshatangulia mbele ya haki, Mwalimu."

"Mm," akasema. Akashusha mkoba begani, akaushika vizuri, akaanza kupanda kilima bila kunisubiri.

Ruhanya ni nyumba kama thelathini. Yangu mimi ni ya kwanza ukifika, kwa Mzee Protase na mkewe Bibi Kokwijuka. Nasema yangu kwa sababu nimekula pale kuliko kwa mama yangu. Wao ni Walutheri, mimi Mwislamu, na kwa miaka yote hiyo hawajawahi kumchinja kuku siku ninayokuja. Wanamfunga mguu, wanamweka kivulini, wananisubiri mimi nimchinje ili na mimi nile. Sikuwahi kuwaomba. Bibi alianza mwenyewe siku ya pili nilipofika, akanipa kisu akasema, fanya ya kwenu, tule wote.

"Muzamil!" Mzee Protase akaita tulipotokeza. "Kuku wako amengoja tangu asubuhi, ameshaungama!"

"Basi atakwenda pema, babu. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Na mgeni karibu, waitu, karibu."

Adventina, mjukuu wao, alitoka akapiga goti kumsalimia Mwalimu. Ni binti wa miaka ishirini na mitano hivi, fundi cherehani, ana kibanda chake Kanoni. Amelelewa na wazee hawa tangu mama yake ahamie Mwanza. Mwalimu aliitikia salamu lakini hakuuachia mkono wa yule binti upesi. Alimtazama, ukafika muda nikaona haya mimi.

Tukaingia, tukakaa. Bibi akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yake ikakaushwa, akakishika kwa mikono miwili mbele ya Mwalimu. Huku kwetu hilo halina mjadala. Hata kama meno yako yameisha, unachukua punje mbili unaziweka mdomoni, maana mgeni anayekataa kahawa ya nyumba ameikataa nyumba yenyewe.

"Nashukuru, mama," Mwalimu akasema. "Sitachukua."

Bibi alibaki ameinama na kikapu chake. Mzee Protase akakohoa, akasema labda mgeni ana vidonda vya tumbo. Mwalimu akasema hapana, tumbo lake ni zima. Chumba kikapoa. Mimi nikasimama nikasema niende nikamwone yule kuku, nikatoka mbio kama mwizi.

Nilikuwa nimeshamchinja, namnyonyoa, Bibi aliponifuata nyuma ya jiko. Akakaa kwenye kinu kilicholala.

"Mgeni wako ana nini na mimi?"

"Sijui, bibi. Tangu asubuhi yuko hivyohivyo. Watu wengine wameumbwa na ndimu."

Hakucheka. "Siku hizi kila kitu kinanitia hofu. Hatukukwambia, tulitaka tukwambie likikamilika. Adventina ameposwa. Wameleta barua, wajomba wa kijana wamekuja mara mbili hapa, wamekunywa, wamecheka. Siku ya kuja kupanga mahari hawakutokea. Wiki ya tano leo, hakuna simu wala mtu. Mtoto halii, Muzamil. Angelia ningepumua. Anashona tu." Akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Nilitaka nikuulize wewe, kwa kuwa ni mtu wa Nkwenda. Kijana anaitwa Eliud, anachomelea mageti karibu na stendi. Amelelewa na shangazi yake, mwalimu mstaafu. Hujasikia neno lolote?"

Kuku alinitoka mkononi akaanguka kwenye majivu.

Nilimwachia Bibi yule kuku. Nilizunguka nyumba, nikamkuta Mwalimu ametoka nje, amesimama kwenye mibuni anatazama bondeni, kule tulikotoka.

"Mwalimu. Wewe ni shangazi yake Eliud."

"Ndiye. Naitwa Mukashema. Ulidhani nimelipa gari nije kutazama mawe?"

"Yale niliyokueleza pale chini ni uongo."

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Lipi?"

"La mlinda mlango. La wazao. La funguo. Nimetunga mimi."

"Umetunga leo?"

"La funguo leo. Mengine ni ya miaka minne na zaidi."

Akatoa kicheko kidogo kikavu. "Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja, kijana. Asubuhi yalikuwa maneno ya wazee. Saa saba, umeshaona jungu liko motoni, yamekuwa ya kutunga. Unakula kwao, unawafichia."

Mimi nina hasira za karibu, nakiri. Damu ikanipanda. "Wallahi Mwalimu, mtu anasimama mbele yako anajiita mwongo, na bado humwamini! Unataka nini, nipasue kifua?"

"Usiniapie na usinipandishie sauti. Hata kama ungekuwa unasema kweli, si wewe uliyenileta hapa. Ni binti mwenyewe."

"Binti yupi?"

"Huyo Adventina. Alimwambia Eliud kwa kinywa chake: sisi ndio ukoo wa mlinda mlango aliyeuza boma, nakwambia kabla hujaleta kitu kwa babu yangu, usije ukasikia kwa watu. Eliud akaniambia mimi. Sasa nieleze wewe, fundi wa maneno. Msichana anayetaka kuolewa atajipaka tope ambalo halipo? Kwetu hatuozi wala hatuoi kabla ya kuuliza ukoo. Nikasimamisha kila kitu, nikasema niende mwenyewe, nisikie na watu wa nje wanasemaje. Nimekuja, nimesikia. Nilitamani sana nisisikie."

Ile sentensi ya mwisho aliisema kwa sauti nyingine, na ndipo nikajua kwamba mama huyu hakuja kuvunja posa. Alikuja akiombea iwe uongo, na mimi nikamwongezea na la funguo juu.

Sitakudanganya, nimeshadanganya vya kutosha: niliwaza kukaa kimya. Nimalize chakula, nimrudishe Mwalimu Nkwenda, posa ife yenyewe kama posa nyingi zinavyokufa, na hakuna ambaye angejua kwamba mkono ni wangu. Nyumba ile ningeendelea kuingia. Nilikaa kwenye mibuni pale mpaka Adventina akaja kutuita, amebeba jagi la kunawia, taulo begani. Akaniambia, "Kaka, karibu chakula, umepauka, hujala tangu asubuhi nini?" Nikashindwa.

Tulinawa. Ndizi zilikuwa zimeshapakuliwa, moshi unapanda. Mzee Protase akafumba macho aombee chakula.

"Babu, kabla hujaomba," nikasema.

Akafumbua jicho moja.

Nikasema yote. Sikuyapamba, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilisema mlinda mlango nimemtunga, wazao nimewatunga, kwamba nimewaonyesha wageni nyumba hii kwa fimbo miaka minne, halafu nimewapandisha wale wageni waje kula hapa. Nikasema huyu Mwalimu ni shangazi wa Eliud, na kilichozuia mahari ni maneno yangu. Bibi Kokwijuka alijishika kichwa akasema "Yesu wangu." Mzee Protase hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Kilima hiki?" akauliza.

"Hiki, babu."

"Na ukawa unakuja unakula hapa."

"Nilikuwa nakuja."

"Siku zote hizo."

"Siku zote, babu."

Alitikisa kichwa polepole. "Boma lile babu yangu alilikuta magofu. Sisi tumehamia hapa yeye akiwa kijana, kilima kilikuwa pori, chui wanazaa humu. Hatujawahi kumlindia mfalme hata kuku. Miaka minne unakula kwangu, Muzamil, hukuwahi kuniuliza tumefika lini?"

Sikuwahi. Nilimuuliza bei ya kahawa, nilimuuliza mgongo unaendeleaje, nilimuuliza kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nakiuza.

Mwalimu Mukashema alisogeza sahani yake pembeni. "Mzee, samahani. Huyu anaweza kuwa anawatetea. Nataka nimsikie binti." Akamgeukia Adventina, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na jagi lake. "Mwanangu, wewe ulimwambia Eliud habari za mlinda mlango. Nani alikuambia wewe?"

Adventina alinitazama, akatazama chini.

"Sema," Bibi akamwambia.

"Nilimsikia kaka Muzamil. Mwaka juzi. Nilikuwa natoka Kanoni, nikapita njia ya chini, nikamkuta na wageni pale kwenye mawe. Alikuwa amenyoosha fimbo huku kwetu. Nikasimama nyuma ya kichaka mpaka akamaliza."

"Hakuna mwingine aliyekuambia? Kabla yake, au baada?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Na hukumuuliza babu yako?"

"Ningemuulizaje?" Sauti yake ikaanza kukatika. "Nilijua ananificha. Nikasema mzee amelibeba hili peke yake maisha yake yote, mimi nani nimtoneshe? Nikamwachia. Lakini Eliud nisingeweza kumficha. Yeye ataishi na mimi."

Mzee Protase alikuwa ameacha kututazama sisi wote. "Adventina. Ndiyo maana uliacha kukaa na mimi jioni?"

"Nilikuwa nashindwa kukutazama, babu."

"Miaka miwili?"

"Ndiyo, babu."

"Mimi nikadhani umekua, umenichoka."

Jagi likawekwa chini, sijui na nani. Binti alikwenda akapiga magoti kwa babu yake akaweka uso kwenye goti la mzee, na kile kilio ambacho Bibi alikisubiri wiki tano kikatoka chote. Mzee alikuwa anampapasa kichwa kwa mkono ule alionawa, bado una majimaji. Alisema kitu kwa Kinyambo, sauti ya chini, nami nilikisikia lakini si changu kukirudia hapa. Ndizi zilipoa. Hakuna aliyejali.

Mwalimu Mukashema alikaa amenyooka muda wote ule. Mwisho akapiga kite, akasema, "Mama Kokwijuka, nilikuja kwako na macho mabaya. Nisamehe. Ile kahawa, kama bado ipo..."

Bibi alishaanza kuinuka, Adventina akamshika kanga. Akafuta uso kwa taulo, akamgeukia Mwalimu. "Shangazi, kwanza niambie. Eliud nilipomwambia, alisema nini?"

"Alisema anakuja hivyohivyo," Mwalimu akajibu. "Alisema hata kama ukoo wako umeuza maboma kumi. Mimi ndiye niliyemzuia, na amenuna mwezi mzima, hali chakula kwangu."

Hapo Adventina ndipo alipocheka, kicheko kilichochanganyika na makamasi, akainuka mwenyewe akakileta kikapu. Mwalimu akachukua punje tatu. Alitafuna kwa bidii, macho yamejaa maji, akasema wajomba watakuja Jumamosi, na safari hii yeye mwenyewe atakuwa mbele yao. Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu atakuja kwanza kwangu Nkwenda, mbele ya ukoo mzima, aseme alivyosema hapa. Neno kwa neno."

"Nitakuja, Mwalimu."

"Na kwenye hiyo mitandao yako."

"Nitasema na huko."

Mzee Protase akasema sasa tuombe, tule. Nikainuka nitoke nje, maana sikuona ninakaaje mezani pale. "Kaa," akasema, si kwa ukali. "Umechinja mwenyewe, utakula mwenyewe." Nikakaa. Nilikula, na Bibi akaniongezea mchuzi bila kunitazama. Hata leo sijui kama alinisamehe au ni mkono tu umezoea.

Saa kumi tukaaga. Mwalimu alitangulia kuteremka, anatembea upesi kama mtu aliyetua mzigo. Adventina alinisindikiza mimi mpaka mwisho wa mibuni, kama alivyokuwa akinisindikiza siku zote. Nikamwambia nisamehe, dada. Akasema amesikia. Nikamwambia nitaifunga hii kazi. Akasema hajaniambia niifunge.

Halafu akasimama. "Kaka Muzamil, vilima viko vingi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kwa nini sisi?"

Mimi sikosi maneno, kila mtu Nkwenda anajua hilo. Nilitafuta jibu ambalo lingemfaa, jibu lenye uzito unaolingana na miaka yake miwili, na nikaona yote yaliyonijia ni ya kutunga.

"Ni bati," nikasema.

"Bati?"

"Jua likipanda, bati lenu linawaka. Ukisimama pale chini, ndiyo nyumba pekee inayoonekana vizuri. Nyingine zimefichwa na migomba. Mgeni hasumbuki kuitafuta. Hakuna sababu nyingine, dada. Wallahi hakuna."

Aligeuka akaitazama nyumba kwa muda. Jua la jioni lilikuwa upande ule, na kweli bati lilikuwa linawaka.

"Lile bati niliwaezekea mimi," akasema. "Nilidunduliza mwaka mzima wa kwanza wa cherehani. Babu alikuwa anavujiwa kitandani."

Akaniambia safari njema, akarudi nyumbani kwao. Nilikaa kwenye jiwe la njiani nikalia, sioni haya kusema, mpaka Mwalimu Mukashema akapaza sauti kutoka chini akisema giza litatukuta barabarani.